Hasira ya mtoto huanzia nyumbani

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, na ninaandika hadithi fupi. Mhusika wangu ni binti wa miaka kumi ambaye mama yake anaanika na kuuza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Siku moja binti anafuatana na mama kupeleka dagaa kwenye nyumba ya Wazungu wanaofanya kazi na shirika moja hapa Kigoma. Anachungulia chumba cha mtoto wa pale, anakuta kimejaa midoli na vitabu. Wakiwa njiani kurudi anamwambia mama yake: “Sasa nimeelewa kwa nini sisi ni maskini. Nitasoma kwa bidii niwe daktari, nibadilishe maisha yetu.” Wenzangu wanasema hadithi inahubiri, lakini hawaniambii nirekebishe wapi. Tena wananiuliza kama mambo ya rangi yana nafasi kwetu, au naiga Wamarekani. Naomba mwongozo wako.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hadithi nimeisoma yote. Ukurasa wa kwanza, pale wanawake wanapogeuza dagaa juani huku wakigombania kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, umeandikwa na mtu anayekijua anachokiandika. Usiuguse.

Wenzako wamesema kweli. Ila ukidhani tatizo ni yale maneno ya binti njiani, utayafuta na hadithi itaendelea kuhubiri vilevile, kwa sababu mahubiri yameanza mapema zaidi. Umempeleka binti kwenye nyumba ile kama wanafunzi wanavyopelekwa ziara ya mafunzo: anaingia, anaona, anaelewa, anatoka. Kuelewa huko hakumgharimu kitu. Mtoto halipati jambo hili bure hata siku moja. Linamvunjia kitu, na mara nyingi kinachovunjika kwanza ni namna alivyokuwa akimtazama mzazi wake.

Tena fikiri: huyu binti anaelewa nini ambacho hakukijua asubuhi ile? Kwamba wao ni maskini? Mtoto wa Kibirizi wa miaka kumi analijua hilo vizuri. Ada ya shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini daftari, sare na viatu vinamsubiri mama yake auze. Anajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi haiingii ziwani, na mitumbwi isipoingia kuna deni dukani kwa mangi. Wewe unamfundisha darasani, unaona mwenyewe anavyokaa wakati wenzake wanakula. Umaskini haumshangazi. Kinachoweza kumshangaza ni kuona watu wake, watu anaowaheshimu na kuwaogopa, wanavyokuwa watu wengine wakisimama mbele ya mwenye nacho.

Nitakupa mfano wa nje, kisha nitarudi Kigoma. Mwandishi Mmarekani mweusi, Toni Cade Bambara, ana hadithi iitwayo “The Lesson”, imo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1972. Nimeichagua kwa sababu umbo lake linafanana na la kwako: watoto maskini wanapelekwa kuona mali ya wengine. Mwanamke msomi wa mtaani kwao, Miss Moore, anawachukua watoto wa Harlem, mtaa wa watu weusi, kwa teksi mpaka F.A.O. Schwarz, duka kubwa la midoli lililokuwa Fifth Avenue jijini New York. Huko wanakuta mashua ya kuchezea inauzwa dola 1,195. Ukiambiwa hivyo utatarajia msimulizi, msichana aitwaye Sylvia, awakasirikie matajiri. Wapi! Anamkasirikia Miss Moore aliyewaleta. Rafiki yake Sugar anathubutu kusema mbele ya wote kwamba nchi ambayo watu hawana nafasi sawa ya kupata fedha haina demokrasia ya maana, na Sylvia anamkanyaga mguu. Kabla ya hapo, mlangoni mwa duka, anasita kuingia, anajikuta ameona aibu, halafu anajiuliza aibu hiyo ya nini wakati haki ya kuingia anayo.

Hapo mlangoni ndipo penye uzito. Aibu imekuja kabla ya maelezo yoyote, na Sylvia hana jina la kuipa.

Angalia pia hesabu zake. Ile mashua inamshangaza tu, bei yake ni namba isiyoshikika. Kinachomchoma baadaye ni kikaragosi cha dola 35, kwa sababu 35 anaweza kuigawa. Anawaza kwamba ingenunua vitanda vya watoto nyumbani, ingeipeleka familia nzima kumwona babu shamba, ingelipa kodi ya nyumba na deni la piano. Mtoto anaujua ukosefu wa usawa kwa namba anazozifanyia kazi nyumbani kwao. Binti yako anazo zake: anajua sado moja ya dagaa wakavu inatoka kwenye dagaa wabichi kiasi gani, jua la siku ngapi linatosha, mvua ikinyesha katikati wanapoteza nini. Mwache apime kwa hizo.

Ndiyo maana nakushauri uiondoe midoli yote. Chumba kilichojaa midoli anakiona msimulizi mtu mzima, anayejumlisha. Mtoto anakodolea kitu kimoja. Na kwa kuwa umeandika, kwa kupita tu, kwamba kaka yake analala ziwani kila usiku wa giza akivua dagaa, kitu chenyewe kipo karibu: jaketi okozi. Dogo, la mtoto, rangi ya chungwa, limetundikwa barazani, kibandiko cha bei bado hakijabanduliwa. La mtoto wa miaka sita anayeogelea pale ambapo maji yanamfika kiunoni. Binti asiseme lolote juu ya kaka yake. Asome bei, aigeuze iwe sado za dagaa, apoteze hesabu katikati, aanze tena. Msomaji yeyote wa Kigoma aliyewahi kusubiri mtumbwi asubuhi atajua moyo wake umekwenda wapi.

Hadithi ya pili ni “Marigolds” ya Eugenia Collier, ya mwaka 1969. Lizabeth, msichana mweusi wa miaka 14 katika kijiji maskini cha Maryland wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, anamsikia baba yake usiku akilia. Baba hana kazi, mke ndiye anayefanya vibarua na kuleta chakula. Lizabeth hajawahi kumsikia mwanamume mtu mzima akilia. Kabla hakujapambazuka anatoka nyumbani, anakwenda kwa kizee mmoja maskini kuliko wao, Miss Lottie, na kung’oa maua yake yote, maua yaliyokuwa kitu pekee cha kupendeza pale kijijini.

Jiulize kwa nini hakwenda kuvunja madirisha ya tajiri. Tajiri hayupo. Yuko mbali, hajulikani sura, na pengine hata Lizabeth angemwona asingejua amfanye nini. Aliye karibu ni kizee. Hasira ya mtoto inamwangukia aliye karibu na asiyeweza kumrudi, na jambo hili linauma kulisoma kwa sababu ni kweli kwetu sote. Mtoto anaona aibu, aibu inageuka hasira, hasira inakosea njia. Mwandishi anayeziruka hatua hizo na kumfikisha mtoto moja kwa moja kwenye maelezo, hapo ndipo anapoanza kuhubiri.

Sasa turudi kwenye rasimu yako. Kuna mstari umeupita haraka: “Mama akamwamkia mwenye nyumba, wakapokelewa vizuri.” Mwanangu, hadithi yako imelala hapo. Umetuambia mama ana miaka arobaini na kitu. Umetuambia mwenye nyumba ni dada wa Kizungu, kijana, ana mtoto mmoja mdogo. Mama alimwamkiaje? Kama alimwambia shikamoo, na mimi na wewe tunajua kwamba mara nyingi ndivyo inavyokuwa, basi binti amesikia kitu kinachopindua yote aliyofundishwa tangu anajifunza kuongea. Mtoto wa Ujiji anajua nani anamwamkia nani kabla hajajua kuhesabu mpaka ishirini. Amekaripiwa kwa kusahau. Ameitwa arudi kutoka barabarani aje amwamkie mgeni. Leo anamsikia mama yake mzazi anamwamkia mtu ambaye, kwa umri, alipaswa kumwamkia yeye.

Jaribu kitu cha namna hii, kwa maneno yako:

“Mama alivua ndala chini ya ngazi. Hakuna aliyemwambia avue. Akasema shikamoo kwa sauti nyembamba ambayo nyumbani sijawahi kuisikia, na yule dada akajibu marahaba, akacheka kwa furaha kwamba amejibu sawasawa. Nikatazama miguu ya mama. Kisiginoni kulikuwa na magamba ya dagaa, yamekauka. Nikageukia upande wa jaketi.”

Hakuna aliyemtukana mtu hapo. Dada wa Kizungu amejifunza Kiswahili kwa bidii, amefundishwa kwamba ukiamkiwa unaitikia, na ameitikia. Mama amefanya anachojua kitamsaidia kuuza. Binti ndiye pekee aliyeumia, na hana wa kumlaumu. Umegundua kwamba hata kumtazama mama kumekuwa kugumu? Hiyo ndiyo gharama niliyokuwa naitafuta.

Kuhusu rangi, usikubali kuambiwa unaiga. Wakati wa Waingereza shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika, na fedha ziligawanywa kwa ngazi hizohizo. Utaratibu huo umekomeshwa baada ya uhuru wa 1961, na wapo wazee walio hai waliosoma chini yake. Hata pale kwenu Ujiji, muulize mwanafunzi wako yeyote nani alikutana na nani mwaka 1871, atakutajia Stanley na Livingstone bila kusita. Kisha muulize waliobeba mizigo ya msafara kutoka pwani, wengi wao watu wa huku kwetu Unyamwezini, walikuwa akina nani. Watoto wetu wanakua na historia ambayo ndani yake Mzungu ana jina na mwenye mzigo kichwani hana. Hilo linaingia kwenye hadithi hata usipolitaja.

Lakini kuna tofauti na Harlem, na ukiikosa hadithi itapotoka. Kwa Bambara rangi inatajwa kwa kupita tu: Sylvia anamwona mwanamke amevaa koti la manyoya kwenye joto, anasema Wazungu wana wazimu, basi, anaendelea. Msomaji wake anajua mpaka kati ya Harlem na Fifth Avenue ni mpaka wa rangi, hahitaji kuambiwa. Kigoma mali na rangi havitembei pamoja kila mahali. Mwenye mitumbwi, taa na nyavu ambaye kaka wa binti anamvulia ni mweusi mwenzake. Mwenye jengo la ghorofa pale mjini ni mweusi. Hapa Tabora tunayo Tabora School, iliyoanzishwa miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ambayo Nyerere, mwana wa chifu, aliisoma. Kwa hiyo hata ndani ya shule za Waafrika kulikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Ukiacha Mzungu awe tajiri pekee kwenye hadithi, msomaji wako ataegemea kiti na kusema, aa, hao ni Wazungu, na mwenye mitumbwi ataisoma kwa raha bila kujiona.

Basi ongeza lango. Mlinzi awe kijana wa Gungu anayemjua mama kwa jina, pengine aliwahi kula ugali wake. Awaambie, bila ukali, wazunguke mlango wa nyuma kwa sababu ndoo inanuka. Wakiwa bado wamesimama, gari la yule mwenye mitumbwi lifike na lango lifunguliwe wazi kabla hajapiga honi. Asishuke kuwafokea. Asiwaone tu. Ukifanya hivyo umemwonyesha mtoto rangi na fedha kwa pamoja, zikiwa zimefungamana kama zilivyo kwetu, na hujatoa hotuba.

Hapa nitamtaja mwandishi mmoja zaidi kwa kifupi. Katherine Mansfield wa New Zealand aliandika “The Doll’s House”, iliyochapishwa mwaka 1922, na ndani yake hakuna suala la rangi kabisa. Watoto wawili wa dobi, Lil na Else Kelvey, wanavaa nguo zilizoshonwa kwa mabaki ya vitambaa kutoka kwenye nyumba ambazo mama yao anafulia, kwa hiyo kila mtu darasani anatambua meza na madirisha ya nani wameyavaa. Hata mwalimu wao ana sauti ya pekee anayoitumia kwao. Kezia, mtoto wa nyumba kubwa, anawaita kwa siri waone nyumba yake ya midoli, na shangazi yake anakuja kuwafukuza kama kuku. Baada ya kuwafukuza, shangazi anajisikia vizuri, maana siku hiyo alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe. Nakuomba uiangalie ile sauti ya mwalimu. Wewe ni mwalimu. Katika hadithi yako shule haipo kabisa, na mtoto wa miaka kumi anatumia nusu ya siku yake huko. Sentensi moja ingetosha.

Tuje kwa mtu ambaye umemtaja mara moja ukamsahau: yule msichana wa kibarua anayemsaidia mama kugeuza dagaa, “aliyetoka ng’ambo, Burundi”. Mkoa wenu umepokea watu waliokimbia vita kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996. Nani asiyejua kwamba kwenye mashamba na kwenye vichanja vya dagaa kazi ya kutwa yenye malipo madogo kuliko yote wanapewa hao? Msichana huyu ana miaka kumi na sita hivi. Ni mkubwa kwa binti. Je, binti humwamkia?

Nadhani hamwamkii. Nadhani hajawahi kufikiria kwamba anapaswa.

Hapo una mwisho, ukiutaka. Binti anarudi Kibirizi, hajasema neno njia nzima. Mama anahesabu fedha, amefurahi, ameuza. Yule msichana wa kibarua anampokea ndoo na kumuuliza kulikuwaje. Binti anamtazama na kumwambia aseme shikamoo. Anamlazimisha. Na msichana, ambaye mama hajamlipa ya leo, anaisema. Mama anasikia. Afanye nini? Sijui wewe ungechagua nini; mimi ningemwacha aendelee kuhesabu, lakini apotee hesabu. Usimfanye binti ajute palepale. Akijuta, utakuwa umemsafisha mbele ya msomaji, na msomaji naye atakuwa amesafika bila kufanya lolote.

Utaniuliza, je, hilo halimfanyi binti kuwa mbaya? Linamfanya awe mtoto aliyegundua kwamba kuna ngazi na kwamba yeye hayuko chini kabisa. Hadithi nyingi za namna hii zinamweka mtoto maskini chini ya wote ili tumhurumie. Huruma hiyo ni nyepesi. Mtoto anayejifunza kukanyaga siku ileile aliyokanyagwa ni mzigo mkubwa zaidi kwa msomaji, na ni mkweli zaidi kwa Kigoma ninayoijua.

Sasa hiyo ahadi ya udaktari. Sikudharau kwa kuiweka. Mwalimu asiyeamini kwamba shule itamtoa mtoto hawezi kuamka asubuhi kwenda darasani. Lakini angalia inafanya nini kwenye hadithi: inamtwisha mtoto wa miaka kumi kazi ambayo watu wazima wote waliomzunguka, kuanzia mwenye mitumbwi hadi wakubwa wa shirika, wameikwepa. Akishaahidi, kila mtu anapumua. Wanafunzi wetu wa sekondari wamesoma Watoto wa Mama N’tilie ya Emmanuel Mbogo, wanakumbuka Zita na Peter walivyofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Wanajua kwamba shule nayo ina lango. Ukiwapa binti anayesema atasoma kwa bidii na mambo yatanyooka, watakuona humheshimu.

Mambo mawili madogo, maana barua imekuwa ndefu. Badili msimulizi awe binti mwenyewe, nafsi ya kwanza. Sasa hivi unamsimulia kwa mbali, na kila ukiwa mbali unashawishika kueleza. Akisimulia yeye, kila asichokielewa kitabaki bila maelezo, na hiyo itakusaidia kujizuia. Usimpe maneno kama tabaka, unyonge au haki. Kama unayahitaji, ujue tukio halijakaa sawa.

Na kama Kiha, lugha ya wenyeji wa huko kwenu, unakijua vizuri, mama na binti waongee Kiha wakiwa Kibirizi, hata kama utakiandika kwa Kiswahili na kutuonyesha tu kwamba lugha imebadilika walipofika langoni. Mama mwenye maneno mengi na matani kwao, akawa mtu wa sentensi fupi fupi kule juu, ataeleweka bila wewe kusema kitu. Kama hukijui, acha. Watu wa Kasulu watakukamata mstari wa kwanza. Ile safari ya bajaji kutoka Kibirizi, kurasa mbili nzima za vilima na ziwa, ifute yote, uanze wakiwa wameshasimama langoni na ndoo.